Kisomo Hakikulelewa na Mzazi Mmoja



Wako kati yetu wazee wanaoikumbuka redio ya kijiji ya mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12 watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 walikutana kwa vikundi, wakasikiliza, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyoficha mbu.

Kazi ile iligawanywa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa masomo, Radio Tanzania ikayatangaza, watu wa afya wakatoa ujuzi wao, TANU ikahamasisha, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafundishwa. Hakuna aliyeweza peke yake. Redio haiulizwi swali, na kitabu hakimfai asiyejua kusoma pasipo jirani wa kumsomea. Tena, waliohitimu kisomo kanda ya Ziwa walipata gazeti lao, Elimu Haina Mwisho, lililoanza 1974, wasije wakasahau herufi walizozipata kwa taabu.

Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 serikali ilihesabu mmoja tu kati ya kumi. Kisha fedha zikapungua, madarasa yakafa, na sensa ya 2012 ikakuta wawili kati ya kumi. Wajane bado wanabonyeza dole gumba kwenye hati za mashamba ambazo hawawezi kuzisoma. Hilo ni jambo la haki, wala si la shule peke yake.

Twakiri kosa letu. Kumbi zetu nyingi hufungwa Jumapili mchana, hata Jumapili nyingine. Tunangoja serikali ilete mwalimu, nayo haina chumba. Msikiti wa jirani una walimu wastaafu. WAWATA wanazijua nyumba za kina mama wasiosoma. Wapo wanaonung'unika kwamba tutachanganyika mno. Twawajibu kwamba mwaka 1973 tulichanganyika, na vyoo vikachimbwa.

Linalotutia hofu zaidi ni posho. Walimu wa kujitolea wa miaka ile walipewa kidogo sana, na wengi walichoka. Basi twaziomba halmashauri za walei, katika kikao kijacho, ziamue mambo mawili: posho ya mwalimu itachangwa na nani, na ufunguo wa ukumbi atakaa nao nani siku za juma.