BWANA SHAMBA ASEMA: Oili ya Gia, Soma Kabla ya Kununua

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya maji ya rejeta. Mwezi huu tuzungumze juu ya oili ya gia boksi na difu ya trekta. Hii si oili ya injini. Ni oili inayolainisha meno ya gia, kuanzia gia boksi mpaka ekseli ya nyuma.

Vikundi viwili vimeniuliza swali moja. Je, tununue oili ya kawaida, au ile ya sintetiki ambayo bei yake ni kubwa?

Nitajibu. Lakini kwanza nitawaeleza kosa langu.

KOSA LANGU

Mwaka 2012 nilifanya kazi katika kijiji kimoja cha bondeni. Kikundi cha wakulima wa mpunga kilinunua trekta lililokwisha tumika. Fundi alisema sili ya ekseli ya nyuma inavuja. Fedha iliyobaki ilikuwa kidogo. Wakaniuliza, "Bwana shamba, tununue nini kwanza?"

Nilikuwa nimeona dumu la oili ya sintetiki dukani. Nikasema, "Nunueni ile. Rahisi ni ghali." Wakanisikiliza. Fedha ikaisha, na sili haikubadilishwa.

Kila siku trekta lilivuka kijito kwenda mashambani. Maji yakaingia kidogo kidogo. Wiki ya tatu likaanza kulia upande wa nyuma. Fundi alipofungua, oili ilikuwa kama chai ya maziwa. Beringi zilikuwa zimelika. Trekta likasimama, lakini mvua haikusimama. Watu wakarudi kwenye jembe la mkono. Wengi walilima nusu tu ya shamba.

Mama mmoja akaniambia, "Oili yako ilikuwa nzuri, bwana shamba. Mpunga wangu uko wapi?" Sikuwa na jibu.

TOFAUTI YA OILI HIZI

Oili ya kawaida hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, kisha yakasafishwa. Oili ya sintetiki hutengenezwa kiwandani kwa utaalamu wa kemia, ili chembe zake zilingane. Zote mbili hutiwa dawa za kulinda meno ya gia.

Sintetiki ina sifa mbili kubwa. Haigandi upesi penye baridi kali. Haichakai upesi penye joto kali. Sifa hizi ni za kweli. Lakini tuulize: zinatufaa sisi?

Tusome lebo. Utaona maandishi kama 75W-90 au 80W-90. Namba yenye W ni ya baridi. Namba hiyo ikiwa ndogo, oili inavumilia baridi zaidi. Oili ya 75W hupimwa katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ya 80W hupimwa katika nyuzi 26 chini ya sifuri. Ya 85W hupimwa katika nyuzi 12 chini ya sifuri. Hata mashamba ya Njombe na Makete, ambako asubuhi nyingine majani huwa na barafu, hayafikii baridi hiyo. Basi kwa upande wa baridi, hatuna sababu ya kulipa zaidi.

Namba ya mwisho, kama 90 au 140, huonyesha uzito wa oili ikiwa ya moto. Ya 140 ni nzito kuliko ya 90. Fuata ile iliyoandikwa katika kitabu cha trekta.

Na joto je? Sintetiki hukaa muda mrefu kabla ya kubadilishwa. Hiyo ni faida kwa gari linalobeba mzigo mzito safari ndefu. Lakini trekta letu hupita kwenye tope na maji. Maji yakiingia, oili lazima imwagwe, iwe ya bei kubwa au ya bei ndogo. Maji hayaulizi bei.

HERUFI ZENYE MAANA ZAIDI

Ndugu msomaji, neno "sintetiki" si neno la kwanza la kutafuta kwenye dumu. Tafuta herufi hizi: GL-4, GL-5, UTTO.

GL-5 ina dawa nyingi za kulinda difu ambazo meno yake hubanana sana. Lakini dawa hizo zinaweza kula sehemu za shaba zilizomo katika baadhi ya gia boksi. Kwa hiyo usiseme, "5 ni zaidi ya 4, basi ni bora." Kama kitabu kinasema GL-4, tia GL-4.

UTTO ni oili ya matrekta. Katika matrekta mengi, oili moja inalainisha gia na pia inanyanyua plau. Katika mengine inapooza na breki. Ukitia oili ya difu ya lori humo, plau inaweza kukataa kunyanyuka vizuri, na breki zinaweza kuharibika.

Kitabu kimepotea? Muulize fundi anayelijua trekta la aina hiyo. Akikuambia, andika jibu kwa rangi kwenye madigadi, ili kila dereva alisome.

FANYENI HIVI

1. Badilisheni sili inayovuja kabla ya kununua oili mpya.

2. Safisheni tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Ekseli ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyomo ndani hunywea. Tundu likiziba, ekseli huvuta maji kupitia kwenye sili.

3. Pimeni oili trekta likiwa mahali tambarare. Ikiwa nyeupe kama maziwa, msilime. Imwageni.

4. Mkishuku maji, liacheni trekta lilale. Asubuhi, kabla ya kuliwasha, legezeni kidogo nati ya chini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo hutoka kwanza.

5. Badilisheni oili kwa saa za kazi zilizoandikwa kitabuni. Mkivuka maji mara kwa mara, msingoje saa hizo ziishe.

6. Msichanganye sintetiki na ya kawaida. Mtapoteza faida ya ile mliyolipia zaidi.

Jibu langu basi ni hili. Kama kitabu kinataka sintetiki, inunueni. Kama kinakubali oili ya kawaida, nunueni ya kawaida yenye herufi na namba zilizotajwa. Fedha inayobaki nunueni sili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 2012 nilisoma bei, sikusoma kitabu. Ninyi sasa mnajua kusoma. Msifanye kama mimi.

ZUNGUMZENI KIKUNDINI

Trekta lenu linataka oili yenye herufi gani? Nani alipima oili mara ya mwisho, na lini? Je, kuna sili inayovuja?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya chujio la dizeli. Kazi njema.

Bwana Shamba wenu