Kaze Hakungoja Kiingereza

Jamani, huu uongo kwamba wimbo usio wa Kiingereza haufiki mbali, tuuache. Fujii Kaze wa Japani alitoa albamu yake ya kwanza, Help Ever Hurt Never, mwaka 2020. Anaimba Kijapani, na nyimbo nyingine kwa lahaja ya kwao Okayama. Mwaka 2022 wimbo mmoja wa humo, Shinunoga E-Wa, ulienea duniani kwenye simu za watu wasiojua Kijapani kabisa. Albamu ya Kiingereza, Prema, kaitoa 2025, mlango ukiwa umeshafunguka.

Mtasema ana kampuni kubwa nyuma yake. Sawa, lakini alianza akiwa mtoto, anapiga piano nyumbani na kuweka video YouTube.

Hapa kambini kijana wetu mmoja alitunga wimbo wa Kibembe juu ya mama yake. Siku ya shoo akaambiwa auimbe Kiingereza, wageni waelewe. Wageni wakapiga makofi. Mama mwenyewe, kakaa mbele, hakuelewa kitu.

Ndugu zetu wa mashirika, wakalimani mnao. Mwacheni aimbe, mama yake asikie. Kiingereza atakichagua mwenyewe akitaka, kama Kaze.