Daftari la Wiki: Ukoo Umeshukia Bagamoyo

Wachaga tunajulikana nchi nzima kwa jambo moja: Disemba ikifika, tunapanda mlimani. Stendi ya Magufuli pale Mbezi hufurika, na magari ya Moshi hupakia mchana na usiku. Mwaka huu ukoo wetu umegeuza njia. Bibi anatibiwa Dar es Salaam na hawezi tena kukaa ndani ya basi siku nzima. Baba mkubwa akatamka kwamba alipo bibi ndipo ilipo Krismasi, basi ndugu wa Marangu, Arusha na Dodoma wakaanza kushuka. Tulipanga nyumba Bagamoyo, kilomita kama 70 kaskazini mwa jiji, yenye ua mpana wa kupikia na njia fupi ya kwenda ufukweni.

*

Wapo waliolalamika kwamba tunatupa mila. Nawajibu kwa historia. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na ni shirika hilohilo lililotoka pwani kwenda kuanzisha misheni ya Kilema, Kilimanjaro, mwaka 1890. Bibi ni mzaliwa wa Kilema. Sikukuu aliyofundishwa utotoni ilianzia safari yake hapa. Baada ya misa ya asubuhi aliomba apelekwe kwenye makaburi ya wamisionari, ambao wengi wao walikufa vijana kwa homa za pwani. Alisali rozari pale, wajukuu na vitukuu wakimwitikia. Sijawahi kuona watoto wa ukoo wetu wakitulia vile.

*

Mbuzi wa ndafu alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, ili yeyote atakayeingia uani ale bila wasiwasi. Hakuna aliyetoa amri. Ndivyo Watanzania wengi tunavyofanya. Mkewe alikuja mapema na ungo wa kamba wabichi kutoka soko la samaki, akakaa na mama wadogo kuunga wali wa nazi. Mezani mtori wa ndizi za Marangu ukawekwa kando ya kamba wa Bagamoyo, na jirani na wanawe wakakaa kula nasi. Meza ya namna hii ni mali ya taifa, na tuilinde.

*

Ufuko wa Bagamoyo ni tambarare. Maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana na kuacha mchanga mtupu ambao mtoto wa bara huuona kama uwanja wa mpira. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu alimfuata baba mdogo. “Shikamoo mzee. Hao watoto warudishe. Maji yakianza kujaa hupita kwanza kwenye mabonde ya nyuma yao, wao hawayaoni.” Hapo ndipo tulipoelewa kwamba watu wazima wengi ufukweni si ulinzi: kila mzazi alidhani mwenzake anatazama. Tangu saa hiyo watu wawili wanaojua kuogelea walipangiwa zamu, bila simu mkononi, na kila siku tuliwauliza wavuvi saa za maji kabla ya mtoto yeyote kukanyaga mchanga. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita tu, na wakati wa bamvua maji huenda mbali zaidi na kurudi kwa nguvu zaidi.

*

Jioni ya Krismasi niligundua kwamba shangazi zangu hawakuwa wameiona bahari. Walikuja pwani wakakaa jikoni, kama walivyokaa jikoni kule mlimani miaka yote. Nilimwambia baba mkubwa, naye hakubishana. Kesho yake, tarehe 26, wanaume walishika moto: samaki wakachomwa, ugali ukasongwa, vyombo vikaoshwa. Shangazi, mama na mawifi wakaingia majini na khanga zao, wengine kwa mara ya kwanza maishani. Bibi aliwekewa kiti pale mawimbi yanapofia, wajukuu wawili wakamshika mabega. Alicheka hadi machozi.

*

Fedha huvunja koo nyingi, kwa hiyo niandike jinsi tulivyofanya. Kila kaya ilituma mchango kwa simu kulingana na uwezo wake. Mweka hazina, binti wa shangazi mkubwa, alisoma matumizi yote mbele ya wote: nyumba, mbuzi, mkaa, mafuta ya gari. Majina ya walioshindwa kuchangia hayakusomwa, nao walikula kama wengine. Kilichobaki kimewekwa kwa ajili ya dawa za bibi.

*

Msomaji, kama ukoo wako unafikiria pwani Disemba ijayo, msianze na hesabu ya soda na nyama. Anzeni kwa kupanga nani atawatazama watoto, nani atampumzisha mama jikoni, na nani atakaa na mzee. Mkishakubaliana hayo, kwenye mchanga au mlimani, Krismasi yenu itakuwa njema.