Kabla ya Fundi Kuchomeka Flashi

Katika nyumba nyingi za ukanda wetu, kuanzia Makambako na Njombe mjini hadi vijiji vya Ludewa vinavyoizunguka Mchuchuma, king'amuzi ni chombo cha familia nzima. Baba husubiri taarifa ya habari, mama hufuatilia vipindi vya afya, na watoto hugombea rimoti. Chaneli zikitoweka ghafla, kauli inayotangulia ni hii: "Kipelekwe kwa fundi, kiwekwe programu mpya." Kauli hiyo huwa sahihi wakati mwingine. Mara nyingine huua chombo kilichokuwa kizima, au huiingiza nyumba katika mali isiyo yake. Ni wajibu wetu kuzijua tofauti hizo.

King'amuzi ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna chipu inayofasiri mawimbi, na kumbukumbu inayohifadhi programu kuu. Programu hiyo ndiyo inayokiamuru kiwake, kitafute chaneli na kiitikie rimoti. Mtengenezaji huihuisha ili kuondoa kasoro au kuongeza uwezo mdogo. Toleo jipya huweza kushuka kutoka setilaiti yenyewe, au likaingizwa kwa flashi. Kwa baadhi ya ving'amuzi vya zamani, liliingizwa kwa kebo kutoka kwenye kompyuta.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa king'amuzi ni wa programu. Mawimbi ya minara ya nchi kavu huzuiwa na milima, na ndiyo sababu dishi limekuwa tegemeo la maeneo mengi ya nyanda zetu. Setilaiti tunazozitegemea zipo juu ya ikweta, umbali unaokaribia kilomita 36,000. Kwa umbali huo, dishi likisogezwa kidogo tu na upepo, chaneli zote hutoweka. Kwa hiyo fungua kwanza menyu, utazame kipimo cha ubora wa mawimbi. Kikiwa sifuri, kagua dishi, kichwa chake na kebo. Kikiwa kizuri lakini chaneli moja haipo, huenda imehamishiwa masafa mengine, na dawa yake ni kutafuta chaneli upya.

Yapo pia mabadiliko ambayo hakuna fundi awezaye kuyatengua. Agosti 2018, baadhi ya chaneli za bure za hapa nchini ziliondolewa katika ving'amuzi vya kulipia vya dishi, kutokana na masharti ya leseni yanayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Chombo kilikuwa kizima, mawimbi yalikuwa mazima, lakini chaneli hazikuwamo. Vivyo hivyo, king'amuzi cha kale kilichoundwa kupokea mfumo wa DVB-S pekee hakitapokea DVB-S2 kwa kubadilishiwa programu, kwa kuwa uwezo huo umo katika chipu. Anayekuahidi kinyume chake anakuuzia maneno.

Tuseme sasa kwamba kuhuisha kunahitajika kweli. Sharti la kwanza ni faili sahihi. Ving'amuzi viwili vyaweza kufanana umbo na jina, huku bodi zao za ndani zikitofautiana. Faili la kimoja likiingizwa katika kingine, huenda kisiwake tena. Soma namba ya modeli iliyobandikwa chini ya chombo, kisha ufungue menyu usome toleo la programu na la bodi. Uyaandike yote kabla ya kwenda kwa fundi. Sharti la pili ni umeme. Wakati wa kuhuisha, programu ya zamani hufutwa na mpya huandikwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, chombo hubaki bila ya zamani wala mpya. Basi kazi hii isifanywe siku ya radi na mvua kubwa, wala pale umeme unapokatika mara kwa mara, isipokuwa kuna betri ya akiba inayotegemeka. Ikishaanza, mtoto asiguse rimoti wala swichi hadi chombo kijiwashe chenyewe.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo zito zaidi. Wapo wanaotoa programu isiyotoka kwa mtengenezaji, wakidai kwamba itafungua chaneli za kulipia kwa malipo kidogo ya mwaka. Kwa kawaida king'amuzi hicho huunganishwa kwa intaneti na mtu usiyemjua, anayegawa funguo za kadi moja kwa watu wengi. Mtu huyo akizima mtambo wake, fedha yako imekwenda, na huna risiti wala pa kushtaki. Tena kazi za wenyewe zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata pasingekuwa na sheria hiyo, mali ya mtu haiwi halali kwa kuwa imepita hewani na hakuna aliyekuona ukiichukua. Mzazi anayemkataza mwanawe kuchuma parachichi katika shamba la jirani, kisha usiku akamketisha mbele ya chaneli ya wizi, amemfundisha mambo mawili yanayopingana, na mtoto atashika lile aliloliona.

Kanuni hizi hazikomei kwenye dishi. Vijana wetu wenye kompyuta hupenda programu za kubadilisha rangi za taa za kibodi na za kasha la mashine. Jambo lenyewe ni pambo lisilo na ubaya. Lakini programu ya namna hiyo mara nyingi huomba ruhusa ya kufika ndani kabisa ya mashine, mahali ambapo programu mbovu huweza kuleta madhara makubwa. Ichukuliwe kwa mtengenezaji wa kifaa, au katika mradi unaojulikana kama OpenRGB, ambao msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuukagua. Isitoke katika flashi iliyozunguka mitaani.

Kwa hiyo, fundi anapoichukua flashi yake, muulize kwa adabu maswali matatu. Faili hili limetoka wapi? Ni la modeli na bodi hii hasa? Chombo kikishindwa kuwaka, unao uwezo wa kukirudisha, na gharama itakuwa ya nani? Fundi mwaminifu hatakasirika, maana maswali hayo yanamlinda yeye pia. Mwandikiane majibu, mpeane risiti. Akikosa jibu la swali la kwanza, chukua king'amuzi chako urudi nacho nyumbani. Afadhali kukosa chaneli kwa juma moja kuliko kukosa chombo chenyewe.