Wiski ya Japani ipimwe kwa chupa ya kawaida

Agosti 2020, kwenye mnada mmoja wa Hong Kong, chupa ya Yamazaki ya miaka 55 iliuzwa kwa karibu dola 800,000 za Marekani. Habari za wiski ya Japani siku hizi ni za namna hiyo: nani kanunua, kwa shilingi ngapi, na zimebaki chupa ngapi duniani. Naona macho yetu yako kwenye rafu isiyo yenyewe. Kazi kubwa ya Wajapani katika kinywaji hiki imo kwenye wiski ya kuchanganywa ya bei ya chini, kama Kakubin na Toki za kampuni ya Suntory. Kakubin ndiyo mtu aliyetoka kazini Osaka huimiminia maji ya soda akashushia kuku wa kukaanga, wala hapigi picha chupa yake.

Mambo hayakuanza hivyo. Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa mvinyo wa Osaka na mwanzilishi wa Suntory, alianza kujenga kiwanda cha Yamazaki mwaka 1923, akamwajiri Masataka Taketsuru, kijana aliyekwenda Scotland mwaka 1918 kujifunza ufundi huo. Wiski yao ya kwanza, Shirofuda, ilitoka mwaka 1929 ikiwa na moshi mwingi wa mboji kama walivyozoea Waskoti, na wanywaji wa Japani wakaikataa. Baadaye wawili hao wakaachana. Mwaka 1934 Taketsuru alikwenda Yoichi, kaskazini kwenye baridi ya Hokkaido, akaanzisha kampuni tunayoijua leo kwa jina la Nikka. Torii alibaki akipunguza moshi, na mwaka 1937 akatoa Kakubin, ambayo hadi leo iko madukani katika chupa yake ya pembe nne yenye nakshi za gamba la kobe. Wasimulizi humpenda zaidi Taketsuru, maana ana safari, ana mke wa Kiskoti, na ana msimamo usioyumba. Lakini aliyekubali kwamba mnywaji ana haki ya kukataa ni Torii, na wiski ya kila siku ilizaliwa katika kukubali huko.

Kuitengeneza si kazi nyepesi kama bei yake inavyodokeza. Scotland, kampuni hubadilishana mapipa: anayepungukiwa na ladha fulani huipata kwa jirani. Japani desturi hiyo haikuota mizizi, hivyo kila kampuni ililazimika kujitengenezea ladha zote yenyewe. Suntory ilifungua kiwanda cha Chita mwaka 1972 na cha Hakushu, kwenye misitu ya milimani, mwaka 1973. Chita hutumia zaidi mahindi na mitambo mirefu ya kukeneka mfululizo, na hutoa wiski ya nafaka nyepesi, ya kati na nzito. Toki, iliyoingia sokoni mwaka 2016, imesimama juu ya nguzo mbili, kimea cha Hakushu na nafaka nzito ya Chita, huku Yamazaki ikisaidia kwa nyuma. Anayedhani nafaka ni ya kujazia chupa tu hajaelewa kinachoifanya Toki iteleze kooni.

Watasema, basi, wiski inayoteleza hivyo ni wiski butu. Ukiinywa kavu, wana hoja: Toki haina kina cha Hibiki, wiski ya bei ya juu ya Suntory, na Kakubin ina ukali kidogo mwishoni. Ila haikutengenezwa kunywewa kavu. Glasi hujazwa barafu hadi juu, humiminwa wiski sehemu moja na maji ya soda baridi sehemu nne, kisha hukorogwa mara moja tu ili mapovu yasikimbie. Hiyo ndiyo haiboli. Wiski nzito yenye moshi ingelimeza samaki wa kuchoma. Hii humwachia samaki nafasi yake. Na haiboli ndiyo iliyoiokoa biashara nzima. Unywaji wa wiski Japani ulifika kileleni mwaka 1983, ukaporomoka kwa robo karne hivi, mpaka Suntory ilipoanza kusukuma haiboli ya Kakubin katika vilabu vya kawaida mnamo 2008. Wateja waliporudi, maghala hayakuwa na wiski kuukuu ya kutosha, kwa sababu pipa la miaka 12 lililohitajika mwaka 2015 lilipaswa kujazwa mwaka 2003, wakati soko limelala. Hibiki ya miaka 12 ikaondolewa mwaka huo wa 2015. Mwaka 2018 zikafuata Hibiki ya 17 na Hakushu ya 12. Chupa isiyoandikwa umri ilibaki, kwa kuwa mchanganyaji wake yuko huru kuchukua pipa changa na pipa kuukuu kadiri ladha inavyotaka.

Pingamizi kuhusu asili ya wiski yenyewe lina uzito zaidi. Kwa miaka mingi sheria ya Japani iliruhusu pombe iliyoagizwa nje iuzwe kama wiski ya Kijapani. Aprili 2021 chama cha watengenezaji kilianza kutumia kanuni zake: maji ya Japani, uchachushaji na ukenekaji ufanyike Japani, na wiski ikae humo humo ndani ya pipa kwa miaka isiyopungua mitatu. Kanuni hizo zinawabana wanachama tu, na hapo ndipo penye pengo. Kakubin na Toki zinazitimiza. Nikka From the Barrel, kipenzi cha wengi, haizitimizi, na kampuni yenyewe imesema hivyo waziwazi.

Limebaki neno “kila siku”, ambalo kwa wasiokunywa, na kwa wengine kinywaji hiki ni haramu kabisa, linasikika kama mwaliko mbaya. Mimi nalitumia kwa bei na mahali chupa inapokaa. Haiboli ya sehemu moja kwa nne ina kilevi cha karibu asilimia 8 kabla barafu haijayeyuka, kuzidi bia nyingi. Mililita 30 za Kakubin, kiasi cha glasi moja, zina takriban gramu 10 za kilevi. Mwongozo wa Wizara ya Afya ya Japani wa Februari 2024 unasema hatari ya maradhi huongezeka kuanzia gramu 20 kwa siku kwa mwanamke na 40 kwa mwanamume. Kwa mwanamke, hizo ni glasi mbili.