Mabwawa ya Ruai na Hatima ya Mto Nairobi

Jiji la Nairobi lilipewa jina kutokana na maneno ya Kimaasai yanayorejelea maji baridi. Kinaya kilichoje! Mpita njia anayevuka mto huo pale Gikomba au Korogocho hulakiwa na uvundo hata kabla ya kuyaona maji yenyewe. Wapo wanaoulaumu mtambo wa kusafisha majitaka ulioko Ruai, mashariki mwa jiji. Wamesahau jambo moja: Gikomba na Korogocho ziko juu ya mto, ilhali Ruai iko chini. Mto huu huufikia mtambo ukiwa umekwisha kuchafuka.

Mtambo wenyewe huitwa Dandora (jina linalowafanya wengi waudhanie kuwa jirani ya lile jaa la taka), na ulianza kujengwa katika miaka ya 1970. Ulikusudiwa kupokea mita za ujazo 160,000 za majitaka kila siku, sehemu kubwa mno ya majitaka yote ya jiji yanayopitia mabombani. Hauna mitambo ya kutisha. Baada ya matambara na mchanga kuchujwa, majitaka huingia katika mabwawa yenye kina kirefu, ambamo mashapo hutuama na kumeng'enywa na bakteria wasiohitaji hewa. Yakitoka humo hupita katika mabwawa mapana, ambamo mwani, kwa kuutumia mwanga wa jua, hutoa oksijeni inayowawezesha bakteria wengine kuendeleza kazi. Hatimaye huingia katika mabwawa ya kina kifupi, na humo jua huviangamiza viini vingi vya maradhi. Jua la Ruai halitumi bili ya umeme.

Hata hivyo, mabwawa yana mipaka yake. Mashapo yasipozolewa, kina hupungua, na majitaka hupita upesi kabla ya kusafishika. Aidha, bakteria hawana uwezo wa kuyameng'enya madini mazito kutoka karakanani na viwandani.

Lakini aibu kubwa zaidi ni ya majitaka yasiyofika Ruai kamwe. Mitaa mingi ya mabanda haijaunganishwa na bomba lolote. Kwingineko, vifuniko vya chuma huibwa vikauzwa kama vyuma kuukuu, na takataka zikaziba njia. Wapo pia wakulima wanaoziba mabomba kusudi ili majitaka yafurike na kunywesha mboga zao. Kabla ya kuwahukumu, yafaa waulizwe wangepata wapi maji mengine. Mboga hizo, hata hivyo, huishia katika sufuria za jiji lilo hilo.

Wanaolipa gharama hawaishi Nairobi. Mto Nairobi humwagika katika Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, na Sabaki ikaingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Katika safari hiyo yote, Machakos, Makueni, Kitui hadi Kilifi, wapo watu na mifugo wanaoyategemea maji hayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, iliwaahidi maji safi na salama. Haikusema ahadi hiyo inakomea Ruai.

Marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, aliuvalia njuga usafi wa mto huu na mabadiliko yakaonekana. Alipofariki 2012, uchafu ukarejea. Usafi unaomtegemea mtu mmoja hauna maisha marefu. Kupanda maua kingoni huku bomba likivuja nyuma ya maua ni kumpaka mgonjwa poda. Fedha zianze kwa mabomba na kwa kuzoa mashapo.

Kanuni za Ubora wa Maji zimeweka viwango ambavyo majitaka sharti yatimize kabla ya kurudishwa mtoni. Vipimo vya Ruai vitangazwe kila mwezi, tena kwa Kiswahili. Mama anayechota maji ya Athi kule Yatta ana haki ya kuvielewa, na idara za Kiswahili vyuoni zina wasomi wa kutosha kuifanya kazi hiyo.