Wazee wetu Uingereza wanakunywa maji kidogo mno

Baridi ikishaingia hapa Uingereza, mazungumzo yetu huwa ni bili ya gesi na makoti. Maji hayatajwi kabisa. Kwa vijana si neno kubwa, kiu ikiwashika watakunywa. Tunaowahofia ni wazee, wale baba, mama na bibi walioletwa na watoto wao kuishi nao London, Leicester, Birmingham na kwingineko.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mtu akishazeeka kiu yake hupungua. Mwili unahitaji maji lakini haudai. Figo nazo hazina tena nguvu ile ile ya kuyahifadhi, na wazee wengi wanameza vidonge vya presha, ambavyo baadhi yake humfanya mtu akojoe sana. Ongeza hita inayowaka kutwa nzima na kuikausha hewa ya nyumba. Kwa hiyo mzee anayesema "nikisikia kiu nitaomba" hasemi uongo, ila kiu yenyewe ndiyo haiji.

Ipo na sababu nyingine ambayo wazee wanaona haya kuitaja. Nyumba nyingi za hapa choo kiko juu, ngazi ni nyembamba, na mzee anaogopa kuanguka usiku. Dawa yake ameshaipata mwenyewe: hanywi. Basi apewe zaidi asubuhi na mchana, jioni apunguziwe. Na wapo wasioyaamini maji ya bomba kwa kuwa kwao walizoea kuyachemsha. Maji ya bomba la jikoni hapa ni salama, lakini anayetaka ya kuchemsha achemshiwe, yapoe, yawekwe kwenye jagi karibu naye.

Idara ya afya ya hapa, NHS, inashauri vikombe au glasi 6 hadi 8 kwa siku, na chai imo katika hesabu hiyo (chai ya vijiko vitatu vya sukari hatuitetei, kisukari kimeshatumaliza). Supu na uji mwepesi navyo vinasaidia. Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiasi na daktari asizidishiwe.

Kinachotukera ni hiki. Wenzetu wengi wanafanya kazi katika nyumba za kulelea wazee. Huko wanaandika kwenye fomu kila kikombe alichokunywa mzee wa watu, kwa mililita. Nyumbani kwao, mama mzazi ameachiwa televisheni na kikombe kimoja cha chai ya asubuhi. Tunajua shifti mbili zinavyochosha. Lakini hata wanapokuwepo humwuliza tu, "Mama, utakunywa maji?" Mzee wa Kiswahili ukimwuliza hivyo atajibu hapana, asije akakusumbua. Mgeni haulizwi maji, huletewa, na mama naye aletewe.

Mkojo wa rangi nzito, midomo mikavu na kizunguzungu anaposimama ni dalili za kutazamwa mapema. Upungufu wa maji ukizidi, hasa ukiambatana na maambukizi ya njia ya mkojo, mzee anaweza kuchanganyikiwa ghafla: anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake, anauliza basi la Tanga linaondoka saa ngapi. Hapo wengine husema ni uzee, wengine majini, wakaanza kutafuta mtu wa kumsomea. Kisomo hatukikatazi, ila kwanza ipigwe 999, na watakaokuja waambiwe mzee amekunywa nini na nini tangu jana.